Dawa za Kulainisha Choo: Zinavyofanya Kazi Mwilini na Tahadhari kwa Wakazi wa Tunduma na Mkoa wa Songwe

Katika maduka ya dawa yaliyo kando ya barabara kuu iendayo Zambia, hasa pale Tunduma, si jambo geni kumsikia mteja akiomba "dawa ya kusafisha tumbo." Wanaoiomba si wa namna moja. Yupo dereva wa lori aliyekaa kwenye foleni ya mpakani akiubana haja kwa kukosa choo cha karibu, akila chipsi na nyama na kunywa maji kidogo ili asilazimike kuliacha gari. Yupo mama mjamzito ambaye vidonge vya kuongeza damu vimemfungisha choo. Yupo mzee ambaye tangu ujanani alizoea kunywa haluli kila baada ya muda fulani, awe na tatizo au asiwe nalo. Na siku hizi yupo binti anayetaka tumbo lipungue kabla ya sherehe. Aghalabu wote hao huondoka na kidonge kile kile cha bisakodili, au na pakiti ya majani ya chai yenye sanamaki ndani yake, bila kuulizwa swali hata moja.

Dawa hizi zikitumiwa mahali pake ni salama na zina manufaa makubwa. Tatizo ni kwamba kwa kuwa hazihitaji cheti cha daktari na bei yake ni ndogo, zimehesabiwa kuwa kama chumvi ya mezani. Makala hii inaeleza zinavyofanya kazi, zinapodhuru, na kwa nini kuna wagonjwa ambao kidonge kimoja cha kuharisha kinaweza kuwafikisha kwenye chumba cha upasuaji.

Choo cha kawaida

Wengi huamini kwamba asiyepata choo kila siku ni mgonjwa. Sivyo. Kwa mtu mzima, kupata choo mara tatu kwa siku ni kawaida, na kupata mara tatu kwa wiki vilevile ni kawaida, mradi choo ni laini na hutoka bila kukamia. Kinachopaswa kuangaliwa zaidi ni umbo lake. Mwaka 1997 watafiti wa Bristol, Uingereza, walitoa kipimo chenye aina saba za choo, kuanzia vipande vigumu vilivyotengana mfano wa kinyesi cha mbuzi hadi maji matupu, na walionyesha kwamba umbo la choo huashiria kasi ya utumbo. Aina ya kwanza na ya pili ndiyo kufunga choo. Aina ya tatu na ya nne ndiyo afya.

Mtoto mchanga anyonyaye maziwa ya mama pekee anaweza kukaa siku kadhaa, hata wiki nzima, bila choo, naye akawa anacheka, ananyonya na kuongezeka uzito. Huyo hana ugonjwa. Apewe maziwa ya mama, asipewe dawa ya miti wala asiingizwe maji ya mitishamba kwa njia ya haja kubwa. Mwili mdogo hupoteza maji haraka mno, na utando wa utumbo wake huungua kwa urahisi.

Dawa hufanya nini ndani

Kila siku utumbo mwembamba hupokea takriban lita 8 hadi 9 za majimaji: sehemu ndogo ni tuliyokunywa, na kubwa ni mate, nyongo na majimaji mengine ya mmeng'enyo. Sehemu kubwa hunyonywa humo humo. Kiasi cha lita moja na nusu huingia utumbo mpana, nao huyanyonya mpaka yakabaki mililita 100 hadi 200 tu ndani ya choo. Choo kikikawia katika utumbo mpana, maji huendelea kunyonywa na choo kikawa kigumu. Dawa zote tunazozizungumzia huingilia safari hii ya maji kwa njia tofauti.

Zipo zinazoongeza ujazo, kama maganda ya mbegu za ispaghula. Hizi huvimba kwa maji na kukifanya choo kiwe kikubwa na laini. Hufanya kazi polepole, kwa siku mbili au tatu, na ni lazima zinywewe na maji ya kutosha. Mtu akizimeza kavu zinaweza kumkwama kooni au tumboni. Zipo zinazovuta maji kuyaingiza utumboni: laktulozi, ambayo huchukua siku moja hadi mbili, makrogoli, na chumvi za magnesi. Haluli, waliyoijua vema babu zetu, ni mojawapo ya chumvi hizo, na kwa kipimo kikubwa huharisha ndani ya saa chache. Kisha zipo zinazouchochea msuli wa utumbo ujikaze: bisakodili na sanamaki, ambazo mtu akizinywa usiku hupata choo asubuhi, yaani baada ya saa 6 hadi 12. Mafuta ya nyonyo huingia katika kundi hili, ila hufanya kazi haraka na kwa ukali zaidi.

Kidonge cha bisakodili kimefunikwa ili kisiyeyuke tumboni bali kiyeyuke utumboni. Kwa hiyo kisitafunwe wala kusagwa, na kisinywewe pamoja na maziwa au dawa ya kiungulia; iwepo nafasi ya saa moja. Anayekiuka hili hupata msokoto mkali wa tumbo, kisha hulalamika kwamba amepewa dawa mbovu.

Mzunguko unaomnasa mtumiaji

Hapa naomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu watumiaji wengi wa muda mrefu huanzia hapa. Katika hali ya kawaida choo cha siku moja ni sehemu ya mwisho tu ya kilichomo katika utumbo mpana. Dawa ya kuharisha huusafisha karibu utumbo wote. Baada ya hapo huchukua siku mbili au tatu kabla ya choo kingine kujikusanya, na katika siku hizo mtu hapati haja kwa sababu hamna cha kutoka. Yeye huona kwamba "kimefunga tena," akameza vidonge vingine, tena viwili badala ya kimoja. Wiki zikapita, akawa haamini kwamba mwili wake unaweza kufanya kazi hiyo wenyewe.

Kwa muda mrefu ilifundishwa kwamba dawa za kuchochea huua mishipa ya fahamu ya utumbo na kuufanya mvivu milele. Ushahidi wa kufundisha hivyo kwa vipimo vya kawaida ni dhaifu, na leo wataalamu wengi hawaogopi kumpa bisakodili mgonjwa anayeihitaji kweli. Weusi unaojitokeza kwenye ukuta wa utumbo wa mtumiaji wa sanamaki nao hauna madhara, na huondoka akiacha dawa. Nayasema haya kwa wahudumu wenzangu kwa makusudi: tukimtisha mgonjwa kwa jambo lisilo na ushahidi, hatatuamini tutakapomwonya juu ya hatari ya kweli.

Habari ya "sumu" na kitambi

Wauzaji wa chai za kusafisha mwili husema kwamba uchafu ulioganda tumboni hutoa sumu zinazoleta uchovu, chunusi, maumivu ya mgongo na hata kukosa nguvu za kiume. Nadharia hii si mpya. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari mpasuaji mashuhuri wa London, Sir Arbuthnot Lane, aliiamini kiasi cha kuwakata watu utumbo mpana ili kuwaponya "sumu" hizo. Mwaka 1919 Walter Alvarez wa Marekani aliipinga kwa hoja nyepesi: mtu aliyefunga choo hupata nafuu ya kichwa na uchovu mara tu anapojisaidia. Kama ni sumu iliyokwisha kuingia katika damu, isingeondoka kwa dakika hizo chache. Kinachomsumbua ni kujaa na kunyooka kwa utumbo wa mwisho. Kazi ya kuondoa taka mwilini hufanywa na ini na figo, navyo havihitaji kuharishwa.

Kuhusu unene, chakula hunyonywa kwenye utumbo mwembamba, ilhali dawa nyingi hizi hufanya kazi kwenye utumbo mpana, baada ya mafuta na sukari kwisha kuingia mwilini. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani walipima jambo hili kwa wanawake walioharishwa lita kadhaa za maji, wakakuta nishati iliyonyonywa ilipungua kwa takriban asilimia 12 tu. Kilo anayoipoteza binti huyu ni maji na chumvi. Akinywa maji, hurudi.

Zinapodhuru

Pamoja na maji, mwenye kuharishwa mara kwa mara hupoteza potasiamu. Kiwango chake katika damu hakina budi kuwa takriban milimoli 3.5 hadi 5 kwa lita. Kikishuka, misuli hulegea, miguu hukaza usiku, mapigo ya moyo huenda mrama. Na kwa kinaya cha ajabu, msuli wa utumbo nao hulegea, choo kikafunga zaidi. Hatari huongezeka kwa mgonjwa wa shinikizo la damu au wa moyo anayetumia dawa za kukojoza, maana hizo nazo hutoa potasiamu, na huwa kubwa zaidi kwa anayetumia digoksini. Katika bonde la Ziwa Rukwa, pande za Kamsamba, ambako joto peke yake humkausha mkulima, kupoteza lita moja ya maji kwa dawa si jambo dogo.

Chumvi za magnesi hutolewa mwilini na figo. Kwa mwenye figo dhaifu hujikusanya, zikamletea usingizi mzito, kushuka kwa shinikizo la damu na kupumua kwa shida. Mzee mwenye kisukari wa miaka mingi asipewe haluli bila figo zake kujulikana hali.

Lipo jambo jingine ambalo sijaona likisemwa vya kutosha katika mji wa mpakani. Tangu mwaka 2019 wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI nchini hutumia kidonge kimoja kwa siku chenye dolutegraviri ndani yake. Magnesi huishika dolutegraviri ndani ya utumbo na kuizuia isinyonywe. Anayetumia kidonge hicho, akalazimika kunywa dawa yenye magnesi, iwe ya choo au ya kiungulia, ameze kidonge chake saa 2 kabla ya hiyo au saa 6 baadaye. Aidha kidonge hicho kina tenofoviri, dawa inayohitaji figo zenye maji ya kutosha. Dereva anayejiharisha kila wiki barabarani anadhuru tiba yake pasipo kujua, na huenda kipimo cha wingi wa virusi kikapanda huku yeye akiapa, kwa haki kabisa, kwamba hajaruka dozi. Dawa za jamii ya doksisaiklini na siprofloksasini nazo hushikwa na magnesi vivyo hivyo.

Vidonge vya uzazi wa mpango navyo vyaweza kupungua nguvu iwapo mtu ameharisha sana kwa zaidi ya saa 24.

Mbarika, mmea wa nyonyo, huota wenyewe kando ya nyumba na mashamba. Mafuta yaliyokamuliwa vizuri hayana sumu, lakini mbegu yenyewe ina risini, sumu kali inayoweza kuua, na watoto huvutiwa na madoa yake mazuri. Mbegu hizi zisitafunwe kamwe kwa nia ya kuharisha. Mafuta nayo yasipewe mama mjamzito, kwa kuwa asidi iliyomo huuchochea mfuko wa uzazi kama inavyouchochea utumbo. Kuyatumia ili "kuharakisha uchungu" nyumbani, mbali na mkunga, ni kuihatarisha roho ya mama na ya mtoto.

Tumbo ambalo halipaswi kuharishwa

Mchukulie mwanamume wa miaka 50 kutoka kijiji cha Momba. Tumbo lilianza kuuma jana, leo limevimba na kukaza kama ngoma. Hakupata choo, wala hewa haitoki. Ametapika mara mbili. Ndugu zake wanasema amefunga choo, wamempa bisakodili, na iliposhindikana wamempa majani yaliyochemshwa. Maelezo haya ni ya mgonjwa wa kufikirika, lakini kila daktari wa upasuaji Afrika Mashariki atamtambua: utumbo wake mpana umejisokota, na damu haifiki. Dawa ya kuchochea huubana utumbo usio na mlango wa kutokea. Matokeo yake ni kutoboka, choo kumwagika ndani ya tumbo, na muda wa kumwokoa kupita akiwa nyumbani.

Ndivyo ilivyo kwa kidole tumbo, kwa ngiri iliyonasa isiyorudi ndani, na kwa homa ya matumbo iliyofikia wiki ya tatu, wakati ukuta wa utumbo umekuwa mwembamba. Kwa hiyo mwenye maumivu makali ya tumbo, kutapika, tumbo kuvimba, homa, au kutotoa hewa kabisa asiuziwe dawa ya choo. Apelekwe siku hiyo hiyo kituo cha afya, na kutoka hapo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa kule Vwawa au mahali popote penye huduma ya upasuaji, akiwa hali chochote.

Wengine hawahitaji haraka ya namna hiyo, ila wasiendelee kulainishwa choo bila uchunguzi. Mtu aliyevuka miaka 50 ambaye mwenendo wa choo chake umebadilika ghafla, au mwenye damu kwenye choo, upungufu wa damu, au kukonda bila sababu, achunguzwe saratani ya utumbo mpana. Damu si bawasiri daima. Kufunga choo kwaweza pia kutokana na kisukari, upungufu wa homoni za tezi ya shingo, au dawa nyingine anazotumia: vidonge vya madini ya chuma, amitriptilini, verapamili, na hasa kodeini na tramadoli. Hizi mbili za mwisho zimeenea kwenye njia za malori, na anayezitumia kiholela hatapona choo chake kabla ya kuziacha.

Kosa la kinyume nalo hutokea. Zambia ilikumbwa na mlipuko mkubwa wa kipindupindu kati ya mwaka 2023 na 2024, na Tunduma na Nakonde ni kama mji mmoja uliokatwa na mpaka. Mtu akianza kuharisha maji mengi, asiongezewe dawa ya kuharisha eti "uchafu utoke wote," wala ndugu wasijifariji kwamba ni ile chai aliyokunywa jana. Aanzishiwe maji ya chumvichumvi na sukari mara moja na kupelekwa kituoni.

Tiba ifuate utaratibu gani

Mwaka 1972 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi miaka mingi Mulago, Kampala, alichapisha pamoja na wenzake vipimo vya choo vya watu wa nchi mbalimbali. Kwa wanavijiji wa Uganda, chakula kilipita tumboni kwa takriban saa 36 na choo cha siku kilikuwa na uzito wa takriban gramu 470. Kwa mabaharia wa jeshi la Uingereza ilikuwa takriban saa 83 na gramu 104. Tofauti kubwa aliiona katika nyuzinyuzi za chakula. Nadhani leo mkazi wa mjini Tunduma, kwa sembe yake nyeupe na chipsi, amekwisha kuwakaribia mabaharia wale kuliko babu yake.

Mkoa wa Songwe hauna upungufu wa dawa hii ya shambani. Maharage ya Mbozi, dona badala ya sembe, makande, mboga za majani, parachichi, papai: vyote hivi huleta nyuzinyuzi. Ziongezwe polepole kwa wiki mbili hivi, la sivyo tumbo litajaa gesi na mgonjwa ataviacha. Maji yaongezwe sambamba. Utumbo huamka baada ya mlo, hasa wa asubuhi, kwa hiyo mtu aende chooni wakati huo hata kama haraka ya kazi inamwita, wala asiuzuie mwito ukija. Choo cha kuchuchumaa kina faida, maana mkao huo hunyoosha njia. Anayetumia choo cha kukalia aweke kigoda kidogo chini ya miguu.

Vikishindikana hivyo, dawa itumike. Kwa mama mjamzito na mzee, laktulozi mililita 15 mara moja au mbili kwa siku ni mwanzo mzuri. Mama asiache vidonge vyake vya kuongeza damu. Kwa mtu mzima mwingine, bisakodili miligramu 5 hadi 10 usiku, kwa siku chache. Akihitaji zaidi ya wiki moja, aonwe na mtabibu. Kwa anayetumia tramadoli kwa maumivu ya saratani hali ni tofauti: huyo aanzishiwe dawa ya choo tangu siku ya kwanza, na aendelee nayo.

Mhudumu wa duka la dawa muhimu anaweza kufanya mengi kwa dakika mbili. Aulize maumivu ya tumbo yako vipi, kama mteja anatapika na kama hewa inatoka. Aulize ujauzito, figo, moyo, na dawa anazotumia kila siku. Swali kuhusu dawa za kila siku lisiulizwe mbele ya foleni ya wateja, kwa sababu jibu la kweli halitatoka.

Kwa aliyekwisha kuzoea vidonge kwa miezi au miaka, tusimwachishe kwa siku moja. Apunguze dozi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa huku akianza laktulozi au ispaghula na chakula tulichokitaja, na kama alikuwa akitumia kwa wingi, apimwe potasiamu na figo kwanza. Aelezwe mapema kwamba siku tatu au nne za mwanzo huenda asipate choo na tumbo likajaa kidogo, na kwamba huo ni utumbo unaojikusanyia upya. Siku ya tano ikipita bila kitu, arudi kwetu kabla ya kurudi dukani.